Skolashipu Haisimamishi Mnara

Mpwa wangu aliniletea barua yake ya maombi niipitie kabla hajaituma. Anaomba ufadhili wa shahada ya uzamili, akafanye utafiti wa mawasiliano yasiyotumia waya. Kijana ana kichwa; fizikia anaila kama ugali. Aya ya kwanza ya barua inaeleza kwamba kwao ni Ipole, wilaya ya Sikonge, mkoa wa Tabora, ambako mrina asali akishaingia msituni simu yake inabaki kuwa tochi. Aya ya mwisho inaahidi kwamba akipewa nafasi, atarudi aiondolee Ipole adha hiyo. Kati ya aya hizo mbili Ipole haitajwi hata mara moja. Kuna kizazi cha tano, kuna akili mnemba, kuna antena chungu nzima zinazosemezana kwa wakati mmoja. Kijiji kimewekwa mlangoni na dirishani. Sebuleni amekaa mgeni.

Nilisahihisha herufi mbili tatu nikamrudishia. Sikumwambia kilichonikera, maana kosa si lake. Ameandika kile ambacho wenye fedha hupenda kukisoma, nao hupenda kukisoma kwa sababu sisi sote, kuanzia jukwaa la mahafali hadi kijiwe cha kahawa, tumekwisha kukubaliana kwamba ndivyo mambo yalivyo. Nataka kugombana na makubaliano hayo.

Niyaeleze kwanza kwa haki, nisije nikaambiwa nimewalisha watu maneno. Hoja inakwenda hivi. Vijijini mtandao ni wa kubahatisha. Mtandao ni teknolojia, na teknolojia inataka wataalamu. Wataalamu wa ngazi ya juu ni wachache. Basi tuwachukue vijana wenye akili, tuwalipie masta, wachunguze mawimbi ya redio katika mazingira yetu wenyewe badala ya kutegemea vitabu vya wageni. Watarudi, watafundisha wenzao, watamshauri mdhibiti, wataingia kwenye kampuni, na mwisho wa yote mtandao utafika kwa bibi. Na kwa kuwa fedha nyingi za ufadhili hutoka nje, sisi hatupotezi kitu.

Si maneno ya wajinga haya. Yana taasisi nyuma yake. Arusha, katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, kuna kituo cha CENIT@EA kinachoungwa mkono na Ujerumani, chenye masta ya mifumo ya simu na kompyuta zinazopachikwa ndani ya vifaa. Kigali kuna kituo cha mtandao wa vitu katika Chuo Kikuu cha Rwanda, kilichoanzishwa chini ya mpango wa Benki ya Dunia. Trieste, Italia, kituo cha ICTP kimekuwa kikifundisha mawasiliano ya redio kwa wanasayansi wa nchi zetu kwa miaka mingi. Sweden imefadhili watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. China inatoa, Japani inatoa. Mtu asituambie nafasi hazipo. Tujiulize kilichofika Ipole kutokana na zote hizo.

1. "Wataalamu hatuna"

Kama kukosekana kwa wataalamu ndiko kunakoinyima Ipole mtandao, basi Bunge letu lilipotea njia mwaka 2006. Mwaka huo ilitungwa sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, huu tunaouita UCSAF, na sababu ya mfuko kuwepo ni moja tu: kampuni za simu hazipeleki mnara mahali ambapo mnara haulipi. Sheria haikusema kwamba kampuni hazijui kujenga. Ilikiri kwamba zinajua kujenga, na kwamba kupiga hesabu zinajua zaidi. Watu wachache waliotawanyika, wananunua bando la siku kwa sababu la mwezi halinunuliki. Dizeli ya jenereta ipakiwe lori kutoka mjini. Betri zikiibwa, fundi asafiri siku nzima kwenda kuweka nyingine. Hesabu hiyo haihitaji masta. Mwuza duka wa Ipole anaipiga kichwani kila Jumatatu anapoamua alete soda kreti ngapi.

Tarehe 13 Mei 2023, Dodoma, ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Kilichozifanya kampuni zishike kalamu ni ruzuku. Sikusikia msemaji hata mmoja akieleza kwamba minara ilichelewa kwa kuwa tasnifu fulani zilikuwa bado kwa msimamizi. Na minara hiyo ikishasimama, angalia ni nani anayeigusa. Mitambo inakuja kwenye maboksi kutoka viwanda vya China na Ulaya, na kilichomo ndani ni siri ya mwenye kiwanda. Mahali pa kuisimika panapangwa kwa programu iliyonunuliwa. Anayepanda juu na mkanda kiunoni ni fundi mwenye stashahada. Tangazo la kazi linataka uzoefu wa miaka mitano na cheti cha kampuni ile ile iliyotengeneza mitambo. Mwenye masta anaingia wapi? Anaingia makao makuu, akibahatika, kwenye kitengo cha masoko, akipanga vifurushi vya usiku.

Upungufu wa kweli upo, ila umekaa kwingine. Sekondari za kata zinalia walimu wa fizikia na hisabati kila mwaka. Mafundi wa redio na umeme wa jua ni wa kutafuta kwa taa. Huo hauna fomu ya maombi yenye nembo ya bendera mbili, kwa hiyo hauitwi upungufu wa wataalamu. Unaitwa changamoto.

Kwamba utaalamu peke yake haumtumikii mwenyeji, nchi hii imeliona zamani. Wazee waliiita redio ya kupeleka habari simu ya upepo. Mwaka 1914 Wajerumani walikuwa na vituo vyake Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba, na wahandisi waliokuwa wakiviendesha hawakuwa wa kubahatisha. Kituo cha Dar es Salaam kilikuwa na maana kiasi kwamba tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza Astraea ilikuja kuupiga mji kwa ajili yake. Sijasikia Mhaya hata mmoja aliyewahi kumsalimia nduguye kwa mnara wa Bukoba. Mtandao unafuata fedha na amri. Haufuati vyeti.

2. "Watachunguza mazingira yetu"

Hapa ndipo watetezi wanapojiona wana nguvu, na hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 1968 Mjapani Okumura na wenzake walichapisha vipimo vya nguvu ya mawimbi ya redio walivyochukua Tokyo na kando yake. Mwaka 1980 Mjapani mwingine, Hata, akavigeuza kuwa milinganyo ambayo mwanafunzi anaweza kuipachika kwenye kompyuta kwa dakika chache. Unaingiza masafa, urefu wa antena ya mnara, urefu wa antena ya simu na umbali, nayo inakwambia mawimbi yatakuwa yamechoka kiasi gani yakifika. Ina marekebisho ya mji mkubwa, mji mdogo, kiunga cha mji na mahali pa wazi. Ni kazi nzuri, na imelisha tasnifu nyingi kuliko mbolea ya ruzuku ilivyolisha mahindi.

Tafuta humo msitu. Haumo. Sasa mpe kijana wa Ipole milinganyo hiyo, mwambie achunguze mazingira yetu. Atachagua lipi? Atachagua "mahali pa wazi", kwa kuwa akilini mwa milinganyo ile pasipo na maghorofa ni pa wazi. Lakini Ipole imezungukwa na miombo: mitundu, mininga, miyombo yenyewe ambayo wanasayansi wameuita msitu mzima kwa jina lake. Jani bichi limejaa maji, na maji hunyonya mawimbi. Kadiri masafa yanavyopanda, ndivyo hasara inavyokua. Masafa ya chini hujipenyeza, yale ya juu yanayopigiwa debe kwenye matangazo ya kizazi cha tano hufia kwenye miti ya mwanzo mwanzo.

Tena msitu huo hautulii mahali pamoja. Julai na Agosti miombo hupukutisha majani, moto hupita chini, unaona hadi mbali. Septemba na Oktoba, kabla hata mvua haijanyesha, majani mapya huchipua mekundu kama shaba. Novemba mvua inaanza, na mpaka Aprili msitu umefunga na kila jani limelowa. Simu ile ile iliyokuwa ikisoma vistari viwili kambini mwezi wa nane, mwezi wa pili haisomi kitu. Warina asali wanalijua jambo hilo bila kipimo.

Na vyuo vyetu likizo ndefu hutoa lini? Kati ya Julai na Oktoba. Mwanafunzi akibahatika kutoka na kifaa cha kupimia, hutoka wakati huo, barabara ikiwa kavu na miti ikiwa uchi. Anapima, anarudi, anaandika kwamba mawimbi katika vijiji vya Tanzania hufanya hivi na hivi. Amekipima kiangazi, akakiita nchi. Mwenzake aliyekosa nauli amebaki maabara, ameotesha miombo yote ndani ya programu ya MATLAB kwa mistari mia mbili na hakukanyaga hata siafu. Wote wawili watafaulu. Anayewatunuku naye alipata masta yake kwa namna hiyo hiyo.

Ngoja nitoe mfano ambao huwa unanichekesha, ingawa hauchekeshi. Mada inayopendwa siku hizi ni mzinga wa nyuki wenye akili. Kifaa kinawekwa mzingani, kinapima uzito, joto na unyevu, kisha kinamtumia mfuga nyuki taarifa kwenye simu janja. Utangulizi wa andiko unasema ufadhili unahitajika kwa kuwa msituni hakuna mtandao. Sura ya tatu inaeleza kwamba taarifa zitatumwa kupitia mtandao wa simu. Hakuna aliyeona tatizo, si mwombaji, si msimamizi, si jopo. Mzinga wenyewe, wa gome au wa ubao, umening'inizwa juu ya mti kilomita nyingi kutoka kijijini, na mwenye mzinga ana kitochi cha batani. Tena kujua kama mzinga umejaa hajawahi kulihesabu kuwa tatizo. Anaunyanyua kidogo, au anausikiliza. Elimu hiyo aliipata bila ufadhili.

Angeulizwa anachotaka kukijua akiwa kambini, orodha yake ingekuwa fupi na ya kuudhi: mnunuzi wa asali ametaja bei gani leo huko Sikonge, moto ule wa upande wa pili unakuja huku, na mwenzangu akiangukiwa na tawi nimwite nani. Maswali matatu hayo yanahitaji maneno machache yaliyosikika vizuri. Askari wa wanyamapori wa vijiji, wanaolinda eneo la jumuiya ya hifadhi ya Ipole, wanaijua zana inayofaa kwa kazi hiyo. Ni redio koli. Masafa yake ni ya chini, hupenya miti, huhitaji betri na kituo kimoja kilichoinuliwa juu. Nani atapewa skolashipu ya kuchunguza redio koli? Itaonekana teknolojia ya babu. Jarida halitaichapisha, na bila jarida hakuna daraja la uhadhiri.

Wala usidhani kwamba mambo ya bei nafuu hayajulikani. Mwaka 2007 mhandisi wa Venezuela, Ermanno Pietrosemoli, huyo huyo wa mafunzo ya Trieste niliyoyataja, alirusha Wi-Fi umbali wa kilomita 382 kwa vifaa vya kawaida vya sokoni vilivyobadilishwa programu. Kutoka Ipole hadi Tabora mjini hazifiki hata nusu ya hizo. Najua wenye fani wataniruka: Venezuela walikuwa juu ya milima, na huku ni tambarare, dunia inajipinda. Kweli kabisa. Kwenye tambarare minara miwili ya mita 60 inaonana kwa kilomita kama 60 hivi, msitu ukiacha. Kwa hiyo unahitaji kituo kimoja au viwili vya kupokezana njiani, na Sikonge iko njiani. Nimekwisha kuvipanga kwenye kitambaa cha meza na sina masta. Kinachokosekana ni mwenye mnara wa kukubali kuubeba mzigo huo, kibali cha masafa, na mtu wa kuilipia dizeli mwezi wa saba baada ya mradi kufungwa.

Asiyekuwepo na lake halipo. Swali la utafiti likitungwa Arusha, Kigali au Stockholm, Ipole itakuwa mfano tu, na mfano haukatai chochote.

3. "Ni fedha za bure"

Sisi watu wa Tabora tungepaswa kuwa wa mwisho kuamini kwamba kuna mzigo usio na gharama. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikafika Unyanyembe, yaani hapa Tabora, ikaendelea hadi Ujiji. Mwaka 1871 mtemi Mirambo alipoifunga njia ya moja kwa moja, msafiri Stanley alilazimika kuzunguka kusini kupitia misitu ya upande wetu huu. Misafara ilikuja na nguo, shanga na masango, yaani nyaya za shaba, maana waya ulikuwa fedha. Na kila himaya uliyopita ulilipa hongo. Leo neno hilo limekuwa la aibu, lakini wakati ule lilikuwa ushuru wa njia, halali na wa hadharani. Msafara uliotoka pwani umenona ulifika bara umekonda, mzigo umeliwa njiani kipande kipande.

Skolashipu ya mawasiliano yasiyo na waya ina hongo zake. Ya kwanza inaliwa na chuo kwa jina la ada. Ufadhili wa nje unapolipa chuo cha nje, fedha haitoki nyumbani kwake, inahama mfuko mmoja kwenda mwingine mtaani pale pale. Ya pili ni ya nauli, viza na bima. Ya tatu ni ya kongamano la siku tatu katika hoteli yenye bwawa. Ya nne naipenda kuliko zote: kuchapisha. Jarida la wazi la IEEE Access humtoza mwandishi karibu dola 2,000 kwa makala moja. Zigeuze ziwe shilingi, kisha zigeuze ziwe redio koli. Kwenye msafara wa zamani mpagazi alipata posho na vipande vya nguo. Msituni anafika na nini mrina asali, mwisho wa mahesabu haya? Anafika na jina lake kwenye aya ya shukrani, kama wamekumbuka.

Sasa tazama jinsi ukarimu huo unavyohesabiwa. Lengo namba 4.b la Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa lilitaka idadi ya skolashipu kwa nchi zinazoendelea iongezwe sana ifikapo mwaka 2020, na likaitaja kwa jina teknolojia ya habari na mawasiliano. Kipimo chake? Kiasi cha fedha za misaada zilizokwenda kwenye skolashipu. Wangapi walirudi, walifanya nini, nani alipata mtandao: hayo hayamo kwenye kipimo. Na kanuni za wahisani zinaruhusu nchi tajiri kuhesabu gharama za kuwasomesha wageni katika vyuo vyake yenyewe kuwa msaada kwa nchi walizotoka. Ujerumani na Ufaransa ndizo zinazoongoza kwa hesabu hiyo. Mpwa wangu akikaa darasani kwao, amekwisha kuisaidia Tanzania. Tayari. Akilala usingizi bwenini, msaada unaendelea kuingia.

Kuna gharama nyingine ambazo hazina stakabadhi. Mhadhiri msaidizi anayeondoka miaka miwili huliacha darasa kwa mwenzake aliyekwisha kuzidiwa. Akirudi, hufundisha alichofundishwa, kwa vifaa alivyoviacha huko. Kile kipima masafa alichokizoea hakipo, na kilichopo kimefungiwa kabatini kwa sababu kikivunjika hakuna wa kulipa. Hawezi kuendelea na utafiti wake nyumbani, kwa hiyo anaomba ufadhili mwingine, safari hii wa uzamivu. Msaada wa kwanza umezaa njaa ya wa pili. Mwenye duka angeiita biashara nzuri.

4. "Atarudi"

Nitapita haraka, kwa kuwa hapa kila mtu ana ndugu wa kumtolea mfano.

Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora School na baadaye akaenda Makerere na Edinburgh, alikuwa na kisa alichopenda kuwaambia wasomi. Kijiji kina njaa. Kinampa mtu mmoja chakula chote kilichobaki ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta kingine. Asiporudi, ni msaliti. Kisa kikali, na tumekitumia miaka mingi kuwakemea vijana walioko ughaibuni. Mimi siwakemei. Wengi hurudi. Tatizo letu ni tafsiri ya kurudi. Ndege inatua Dar es Salaam, daladala inamshusha Kijitonyama, kituo cha Sayansi, jirani na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na kampasi ya TEHAMA ya Chuo Kikuu, na hapo safari imekwisha. Fomu ya mfadhili inajazwa: amerejea nchini mwake. Ipole iko mbali na Sayansi kuliko Sayansi ilivyo mbali na Trieste, ukipima kwa uwezekano wa mtu kufika.

Na arudi Ipole akafanye nini? Hakuna kiti kilichomsubiri. Halmashauri haina nafasi ya mhandisi wa redio. Kampuni haina ofisi. Jumuiya ya hifadhi haina bajeti ya mshahara wake. Tumemtuma mtu kuleta chakula, tukabomoa ghala.

5. "Basi tufute?"

Swali hili huletwa mwishoni kila mara, kwa sauti ya mtu aliyeshinda. Mkosoaji akishasema yote, anaambiwa: unataka vijana wasisome? Kana kwamba aliyelalamika chumvi imezidi anataka mchuzi umwagwe.

Ninachotaka ni kwamba uongo utoke kwenye barua ya maombi. Kama fedha ni za kumsomesha kijana mwenye akili kwa kuwa anapenda hisabati ya mawimbi, zitolewe kwa jina hilo. Ni sababu ya kutosha na haina haja ya kuazima umaskini wa warina asali. Lakini kama zinatolewa kwa jina la Ipole, basi Ipole iwe na kauli. Kijiji kilete swali lake kabla msimamizi hajatunga lake. Sehemu ya fedha ibaki pale kwa jina la vifaa na fundi, na fundi awe wa pale pale, ajue kubadilisha betri na kupanga antena mwenye masta akiwa ameondoka. Kipimo kiwe kile alichokiacha kikiwa kinafanya kazi mwaka mmoja baada ya kuvaa joho. Tasnifu isiyopima msimu wa mvua irudishwe, kama inavyorudishwa isiyo na marejeo.

Haya si ya ajabu. Kondoa, mkoani Dodoma, wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dodoma walianza mtandao wa jamii wakiungwa mkono na shirika la Internet Society, wakitumia masafa yaliyoachwa wazi kati ya chaneli za televisheni. Sitaki kuupamba, mitandao ya namna hiyo ina matatizo yake, na makubwa ni umeme, vibali na nani atalipa kesho. Angalia tu kwamba matatizo hayo matatu hayafundishwi kwenye somo lolote la masta ya mawasiliano ninayoijua, na kwamba wahadhiri hao waliyajua kwa kwenda.

Wafadhili watasema masharti kama haya yatapunguza waombaji. Yatapunguza, ndiyo. Yatapunguza pia makala, makongamano na picha za makundi. Kampuni za simu zitasema hazihusiki, ilhali Oktoba 2022 zilipigania masafa kwenye mnada wa mdhibiti, TCRA, uliozalisha zaidi ya dola milioni 187; penye fedha zilijua kuhusika. Vyuo vitasema kalenda haibadilishiki. Kalenda ilitungwa na watu.

Wewe unayeketi kwenye jopo la kuchagua, barua kama ya mpwa wangu zitakufikia nyingi mwaka huu, kila moja na kijiji chake kwenye aya ya kwanza. Usimwulize mwombaji atalifanyia nini taifa. Mwulize hivi: Januari, mvua ikinyesha Ipole na msitu umefunga, wewe na antena yako mtalala wapi? Kama hana jibu, mpe fedha akasome, lakini kijiji kifutwe kwenye barua.